Saa Mbili na Dakika Arobaini na Tano

Kutoka Bario, kwetu milimani, mpaka mji wa Miri ni dakika hamsini angani. Kutoka Miri kuvuka bahari mpaka Johor ni saa moja na dakika hamsini na tano. Ukijumlisha unapata saa mbili na dakika arobaini na tano. Hesabu hiyo sikufundishwa shuleni. Niliijua kwa sababu Supang alikuwa akiisema kila Jumapili tukitoka kanisani, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye zizi la nyati.

"Si mbali hata kidogo, jamani," anasema. "Kahawa ya asubuhi unakunywa hapa, chakula cha jioni unakula na wanangu."

Wanangu. Mmoja wa hao wanawe ni Lian, na Lian nimemzaa mimi, nikamlea peke yangu tangu baba yake alipoangukiwa na mti. Supang alimzaa Merina, Merina akaolewa na Lian, basi. Lakini ukimsikiliza anavyoongea utadhani aliwazaa wote wawili, na mimi siku hiyo nilikuwepo kushika taa.

Niseme ukweli mapema, maana nimezeeka na kuficha kunachosha. Nilimwonea Supang wivu tangu tukiwa wasichana. Alikuwa na sauti, akaimba peke yake kanisani miaka thelathini huku sisi wengine tunaitikia. Kofia yake ya shanga ameirithi kwa bibi yake, na zile ni shanga za kale, ambazo zamani chache tu zilitosha kununua nyati. Yangu mimi nusu yake ni plastiki. Upepo ukija unalaza mpunga wa watu wote, wa Supang umesimama. Hayo yote niliyameza. Watoto wetu walipooana ndipo nikapata donda jipya. Lian alihamia Johor, akapata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, na kila akiwa na habari anampigia Supang kwanza, eti kwa sababu nyumba yao ndefu, ile ya familia nyingi chini ya paa moja, iko karibu na mnara wa simu na simu inashika. Mimi niko upande wa pili wa mashamba. Nikitaka simu ishike sharti nipande kilima. Picha za harusi aliziona yeye kwanza. Habari ya mimba aliipata yeye kwanza, akaja kunipa kama mtu anayemgawia jirani nyama iliyobaki.

Na ndege alishapanda mara tatu kwenda kwa watoto Johor. Mimi mwisho wangu ulikuwa Miri, kung'oa jino.

Sasa, kwetu mtu akipata mjukuu wa kwanza jina lake linabadilika. Inafanywa karamu, ukoo mzima unakuja, nguruwe wanachinjwa, na majina mapya ya wazazi na ya mabibi na mababu yanatangazwa mbele za watu. Hili jina langu, Ridu, nililipata Lian alipozaliwa, na nimekaa nalo miaka thelathini na mbili. Jipya nilikuwa nimeshalichagua. Sikumwambia mtu, nisije nikaigwa. Kilichoninyima raha ni kwamba mjukuu ni mmoja na mabibi ni wawili, na siku ya karamu watu husimulia: bibi fulani ndiye aliyefika kwanza, ndiye aliyemwosha mtoto, ndiye aliyemshika mama yake mkono. Sikutaka hadithi hiyo nayo iwe ya Supang.

Merina alitarajiwa kujifungua mwisho wa mwezi. Supang alikuwa na tiketi ya tarehe ishirini na tano. Mimi kimyakimya nikapanga kuondoka tarehe ishirini.

Mtoto hakungoja mipango ya mtu. Alikuja wiki tatu kabla. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepanda kilima, simu ikalia.

"Mama, ni msichana, na yuko salama," Lian akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wamempasua mama yake kumtoa. Merina ndiye hali yake si nzuri. Amepoteza damu nyingi, na homa imempanda. Anamwita mama yake."

"Nakuja," nikasema.

Akaongeza haraka: "Njooni wote, mama. Yeyote atakayefika Miri namkatia tiketi ya Johor papo hapo. Lakini Mama Supang ajitahidi afike. Merina anamwita yeye, tangu jana hasemi neno jingine."

Nilisikia vizuri. Nataka ieleweke kwamba nilisikia vizuri.

Nikashuka kilimani mbio, nikabeba gunia la mchele, kilo kumi na tano, mchele wetu wa Bario ule mdogo mweupe, nikalipeleka uwanja wa ndege liandikwe kama shehena ya Lian. Nilipofika nikamkuta Supang amekaa kwenye benchi, magoti yake mabovu ameyanyoosha mbele, mkoba mapajani. Alikuwa pale tangu alfajiri. Kwenye orodha ya wanaongoja nafasi jina lake lilikuwa la kwanza na langu likawa la pili. Hata pale.

"Umekuja, mkwe mwenzangu," akasema. "Tukae tuombe Mungu. Anga likifunguka ni dakika hamsini tu."

Ndege ya Bario ni ndogo, inachukua watu kumi na tisa, na haishuki kama rubani hauoni uwanja. Jumatatu ukungu haukuondoka. Jumanne tuliisikia ndege ikizunguka juu yetu, mngurumo ukaja ukaenda, kisha ikarudi Miri. Watu wakazidi kurundikana: wanafunzi, mgonjwa wa figo, mabwana wa serikali waliokuja kupima ardhi. Jumatano, mnamo saa nne, ukungu ukapasuka kidogo upande wa mto, na ndege ikashuka.

Anayekata tiketi, kupima mizigo na kuongea na rubani kwa redio ni mtu mmoja, Agan. Kwangu ni binamu upande wa mama, kwa Supang ni binamu upande wa baba. Bario ndivyo ilivyo. Agan anapima kila kitu. Anapima nanasi, anapima kuku, na anakupima wewe mwenyewe na mkoba wako, mbele za watu, na namba inasomwa kwa sauti. Askofu alipimwa na waziri alipimwa.

"Nafasi imepatikana moja," Agan akatuambia sisi wawili. "Mwalimu amerudi nyumbani, tumbo linamwendesha. Lakini leo rubani amebeba mafuta ya ziada kwa ajili ya hali ya hewa, kwa hiyo uzito umebana. Zimebaki kilo sabini na mbili. Mtu na mzigo wake."

Watu wote wakamtazama Supang. Supang ni mwanamke wa kujaza mlango.

Alivua koti. Akavua viatu. Akaweka mkoba chini, akapanda kwenye mizani, akashusha pumzi yote kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

"Themanini na moja," Agan akasoma.

"Ngoja nivue na meno," Supang akasema, na kweli akatoa meno yake ya bandia akayashika mkononi. Watu wakacheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Themanini na moja ileile, dada."

Akashuka. Agan akaniita mimi. Nikapanda na mfuko wangu begani, sikuvua hata kofia. Sitini na tano.

Agan hakuandika. Alizigeuzageuza karatasi zake, akajikuna shingo. "Kuna njia," akasema. "Gunia lako la mchele limeshapakiwa, Ridu. Kilo kumi na tano. Nikilishusha, Supang anaingia na mkoba wake, na kilo moja inabaki. Mchele utakuja na ndege ya kesho, na wewe pia."

Mzee mmoja aliyekuwa na jogoo kwenye kikapu akasema kutoka nyuma, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Ridu."

"Na mimi si mzazi?" nikamgeukia. "Lian ameokotwa?"

"Anayeumwa si Lian," akasema mzee.

"Semeni haraka," Agan akasema. "Ukungu unarudi na rubani hatamngoja mtu."

Hapo ikanijia ile hesabu ya Supang ya kila Jumapili. Saa mbili na dakika arobaini na tano. Si mbali hata kidogo, si ndivyo anavyosema? Basi na apande ya kesho. Kesho jioni atakuwa na mwanawe. Siku moja ni nini, kwa mtu aliyepata kila kitu miaka yote? Mara moja tu, mara moja katika maisha yangu, mimi nitangulie yeye afuate.

"Mchele ni wa mwanangu, hauwezi kubaki," nikasema. "Na mizani imeshasema."

Agan akaandika jina langu. Supang alirudisha meno yake, akainama kuvaa viatu, na nilimsikia anavyohema maana kuinama kunamtesa. Nikajua sasa atanitukana, na jibu nilikuwa nalo tayari. Akaja akanishika mkono.

"Mwambie nakuja," akasema. "Mwambie ale."

Angenitukana ningepona.

Ndege ikapaa. Nilipewa kiti cha dirishani. Kwa chini niliuona uwanja, mabati ya nyumba ndefu, mashamba ya mpunga yamejaa maji, na doa dogo la rangi ya samawati kwenye benchi, ambalo lilikuwa koti la Supang. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa chini natazama anavyoondoka. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi mpaka Miri, ingawa mwanamke aliyekaa kando yangu aligeuza magoti upande wa pili na hakuniambia neno kwa dakika zote hamsini.

Johor, Lian alikuwa amesimama kwenye mlango wa kutokea abiria. Aliponiona alitabasamu, kisha macho yake yakanipita, yakatafuta nyuma yangu.

"Mama Supang yuko wapi?"

"Nafasi ilikuwa moja."

"Akakupa wewe?"

"Mambo ya mizani, mwanangu. Atakuja kesho."

Akachukua mfuko wangu na gunia, hakuuliza tena. Ndani ya gari nilimsimulia habari za mvua na za nyati wangu aliyezaa. Alikuwa anaendesha tu.

Merina alikuwa amelala kitanda cha pembeni wodini, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, mpira wa maji umechomekwa mkononi. Macho yake yalikuwa mlangoni. Nilipoingia yaliwaka, na akajaribu kunyanyua kichwa aone nyuma yangu.

"Mama ameingia chooni?" akauliza.

Alidhani tumekuja wote. Ilibidi nimwambie. "Yuko Bario, mwanangu. Kesho atafika. Amesema ule."

Akarudisha kichwa kwenye mto na kugeukia ukutani.

Nikamchukua mtoto. Muuguzi alinionyesha namna ya kumshika, kana kwamba sijazaa, na nikambeba, kilo mbili na nusu, na nikawaza: bibi wa kwanza ni mimi. Hakuna atakayeliondoa hilo. Nilingoja furaha ije. Ilikuja kidogo, ikasimama mbali.

Alhamisi Agan akapiga simu: ukungu, hakuna ndege. Ijumaa: ukungu. Mimi nilikuwa napika kwa Lian na kupeleka hospitali. Mchele ule nikauchemsha mpaka ukalainika, nikaufunga kwenye majani niliyokuja nayo, jinsi tunavyowalisha wagonjwa kwetu. Merina alikula vijiko viwili, akafunga mdomo. Siku ya pili nikampikia uji, akaonja kimoja. Muuguzi akanivuta kando, akasema homa haishuki, na asipokula mwili hautakuwa na cha kupigania.

"Mama," Merina akaniuliza Ijumaa mchana, kwa sauti ndogo. Mimi ananiita mama pia, ndiyo desturi. "Bario mpaka Miri ni dakika ngapi?"

"Hamsini."

"Mbona basi hafiki?"

Nikamwambia ukungu. Nikamwambia safari za ndege zina mambo. Mtoto akaanza kulia na nikashukuru kupata shughuli.

Jioni hiyohiyo Lian aliniita ukumbini, nje ya wodi. "Mama Supang ameondoka Bario kwa gari. Tangu jana mchana. Amepita ile barabara ya magogo."

Nikakaa kwenye kiti. Barabara hiyo ni ya malori ya miti, matope mekundu, madaraja ya magogo mawili mawili, na kama hakuna mvua ni saa kumi na nne mpaka Miri. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwenye magoti yale, kilo themanini na moja, nyuma ya gari la wazi.

"Simu yake?"

"Haipatikani. Usimwambie Merina."

Nikasali pale pale ukumbini. Nilimwomba Mungu Supang afike salama, na niliomba kwa moyo wote, lakini hata ndani ya sala hiyo kulikuwa na kinyongo, maana nilijua kabisa kwamba akifika, atakuwa shujaa.

Akafika. Jumamosi, mnamo saa nane mchana, mlango wa wodi ulifunguka akaingia Supang na lile koti la samawati, matope yamemkauka mpaka mapajani, nywele hazijachanwa, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Gari lilizama mara mbili. Walilala kambi ya wakata miti. Daraja moja walilivuka kwa miguu, yeye kwa kutambaa, gari likafuata tupu. Miri alifika Ijumaa usiku, akalala kwenye viti vya uwanja, akapanda ndege ya Johor hivyo hivyo alivyo, na nina hakika aliyekaa kando yake hatasahau.

Merina alinyoosha mikono yote miwili, na ule mpira wa maji ukavutika mpaka muuguzi akaja mbio. Supang akainama juu ya kitanda, matope na yote, na mwanawe akamlilia shingoni kwa sauti ambayo siku tatu nzima sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimesimama na mtoto mikononi. Hakuna aliyenitazama wala aliyemtazama mtoto.

Kisha Merina akala. Alikula bakuli zima. Ulikuwa uji wangu, niliopika mimi kwa mchele wangu, lakini ulitoka mkononi mwa Supang kijiko baada ya kijiko, na nikasimama pale naona wivu juu ya kijiko. Mtu mzima mimi.

"Lakini kwa nini hamkuja pamoja?" Merina akauliza alipomaliza. Rangi ilikuwa imeanza kurudi mashavuni. "Siku ile ya Jumatano. Lian amesema ni mambo ya mizani."

Nikaangalia sakafu. Ndio mwisho wangu, nikawaza.

Supang alifuta mdomo wa mwanawe kwa kidole gumba. "Nafasi ilikuwa moja," akasema. "Nikamwambia mkwe mwenzangu panda wewe. Yeye hajawahi kuiona Johor, mimi nimeshakuja mara tatu. Nani alijua ukungu utakaa hivyo?"

Alisema kwa wepesi hata hakunitazama. Lian, mwanangu, akafunika uso kwa mkono mmoja. "Mama Supang," akasema. Muuguzi aliyekuwa anapanga mpira wa maji akatikisa kichwa akasema, "Kuna watu Mungu aliwaumba na moyo wa ziada." Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaitikia. Merina akaubusu ule mkono wenye matope.

Hapo niliokolewa. Mtu mwenye akili angenyamaza, angemshukuru Mungu, na angempikia Supang chai. Lakini damu ilinipanda. Siku tatu nimeosha nguo za yule mtoto, nimepika, nimekesha, hakuna aliyeniambia nina moyo hata wa kawaida. Huyu anaingia na matope, anasema uongo mmoja, na anapewa hata kile kiti nilichokalia mimi. Mpaka dhambi yangu inageuka kuwa sifa yake. Nikashindwa.

"Hakuniachia," nikasema.

Wakanigeukia.

"Hakuniachia nafasi, anawadanganya. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Agan alisema nishushe gunia la mchele, kilo kumi na tano tu, Supang apande. Nikakataa. Nilimnyang'anya. Kwa hiyo msimpe sifa ya kutoa kitu ambacho hakukitoa."

Kisha Supang akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Ridu," akasema. "Ridu wewe. Hata uongo wa kukusitiri huwezi kuniachia?"

Hata mimi nilikaribia kucheka. Miaka hamsini tunajuana, na hakuna aliye hai anayenijua kama yeye, hilo nalo linaniuma. Lakini Merina hakucheka.

"Ulijua namwita?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Lian alikuambia?"

"Aliniambia Jumatatu. Nilisikia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea maelekezo ya dawa. "Mpe mama mtoto," akamwambia Lian. Hakuniambia mimi, alimwambia Lian. Mwanangu akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kuniangalia machoni, akampeleka kwa Supang.

Jumapili niliporudi wodini na bakuli, homa ilikuwa imeshuka. Merina alikuwa ameketi. Akaniomba nikae.

"Mama, sikuchukii," akasema. "Nataka ujue hivyo. Lakini kila ukiingia nazihesabu zile siku tatu. Nakuomba urudi nyumbani kwanza. Utakuja tena mwezi ujao, au mwingine."

"Merina," Supang akaingilia. "Huyo ni bibi wa mtoto. Alikuja kukaa siku arobaini."

"Nyamaza, Supang," nikasema. "Usinitetee. Umeshanitosha."

Lian akanikatia tiketi ya Jumatatu. Asubuhi uwanjani alinikumbatia, akaniambia nitapigiwa simu, na nikajua nani atakayepigiwa kwanza. Anga lilikuwa safi njia nzima. Saa moja na dakika hamsini na tano mpaka Miri, dakika hamsini mpaka Bario, hakuna hata dakika moja iliyozidi. Safari kweli si mbali. Laiti ukungu ungekuwa na huruma ukaniweka Miri wiki nzima, nisiwaone watu.

Agan alikuwa ameegemea mizani yake. Alishangaa kuniona peke yangu, mapema hivyo, na nadhani alikisia, kwa sababu hakuuliza habari za safari. Alinipokea mfuko, akatafuta neno la kusema, akaona lile ambalo kila mtu huuliza.

"Haya bibi, mjukuu amefanana na nani?"

Nilikuwa nimeliona tangu dakika ile ya kwanza nilipokabidhiwa mtoto, paji la uso, masikio, kidevu, na hata mdomo unavyofunguka akitaka kuimba kilio chake. Siku zote hizo sikumwambia mtu yeyote, na niliomba asitokee wa kuliona.

"Supang," nikamwambia. "Amefanana na Supang mtupu."

Agan akacheka, akidhani nimepona wivu na sasa natania. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda nyumbani kwa miguu.